Boksi Lililolala Nje ya Boma

Andika kwanza nilikotoka, mjukuu wangu. Baba yangu alizaliwa Genkuru, katika vilima ambavyo wakati huo vilikuwa malisho matupu, na hakuna aliyejua kwamba chini ya kwato za ng'ombe wake kulikuwa na kitu ambacho watu wangekuja kukifukua kwa nyundo na tindo. Mama yangu alizaliwa Natta, upande wa Serengeti, ambako watu hulinda mtama wao dhidi ya tembo. Alipoolewa huku kwetu alikuja na Kinata chake, akakisema jikoni mpaka siku aliyozikwa. Majina yao unayajua. Hayaandikwi hapa, kwa kuwa hii si habari ya majina.

Mimi nilizaliwa Genkuru. Sikuingia darasani hata siku moja. Baba alisema shule ni ya watoto watakaohama, nami nilikuwa mtoto wa kulinda ndama. Usiandike kwamba ninasikitika. Niliyojifunza zizini yamenifikisha hapa nilipo, na hapa nilipo ninakula chakula changu mwenyewe.

Msomaji asiyekuwa wa kwetu aelezwe jambo moja kabla hatujafika kwenye lori, ama sivyo hataelewa ugomvi ulitoka wapi. Nilizaa mabinti peke yao. Kwa desturi yetu ya Kikurya, mwanamke aliyezeeka bila mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, ili nyumba yake ipate watoto wa kuirithi. Jambo hilo huitwa nyumba ntobhu. Mahari waliyotolewa mabinti zangu ndiyo niliyomwolea mama yako. Nilikwenda kwao mwenyewe, nikasimama zizini, ndugu zake wakawakagua ng'ombe wangu mmoja mmoja. Wakamkataa mmoja mwenye jicho bovu, nikambadilisha bila kununa. Ndivyo mama yako alivyoingia katika nyumba hii. Yeye huniita Mama, mimi humwita mke wangu, na anayetaka kucheka acheke akiwa nje ya boma langu.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya dhahabu. Watu wa kila kabila walimiminika kwenye vilima vyetu, wakachimba mashimo wanayoyaita maduara, wakalala kwenye vibanda vya turubai, wakanunua maji kama watu wanunuavyo soda. Duara moja liliangukia katika shamba letu la mtama. Kwa kawaida ya wachimbaji, mwenye shamba hupewa mgao wa mawe, na kwa mgao huo marehemu mume wangu, babu yako, alinunua lori kuukuu la kubebea mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye karasha, ile mashine ya kuyasaga. Lilikuwa lori la tipa, rangi yake ya kijani imepauka, lakini injini yake ilikuwa ya zile zinazotawaliwa na kompyuta. Babu yako hakujua hilo alipolinunua. Wala mimi sikujua. Tulijua kwamba linapanda kilima likiwa na mzigo, na hilo lilitutosha.

Babu yako alipofariki, lori lilibaki katika nyumba yangu, na hapo ndipo shemeji yangu, mdogo wake, alipoanza kulitembelea. Alikuja asubuhi akalizunguka, akapiga matairi teke, akaondoka. Baadaye akaanza kuliazima kubebea mawe yake mwenyewe, na aliliazima kama mtu achukuavyo kitu chake. Kisha, bila kuniambia, akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea kando ya barabara, likaongezwa mabati mazito kwenye kingo za bodi ili libebe mawe mengi zaidi. Lilirudi limevutwa kwa kamba na trekta. Ufunguo ukizungushwa, stata ilizunguka vizuri, lakini injini haikushika. Dereva wetu alijaribu mpaka betri ikachoka.

Shemeji hakusema lilikufa mikononi mwake. Aliwaita wazee wa ukoo, wakaja, wakaketi uani kwangu, wakala ugali wangu na nyama ya mbuzi wangu, kisha wakajadili lori langu.

"Gari limekataa," alisema shemeji. "Mwenye gari amekufa, nyumba haina mwanamume, na chombo kimeona hivyo. Nimepata watu wa vyuma chakavu. Watalikata hapahapa walichukue vipande vipande. Tugawane, yaishe."

"Tugawane na nani?" nikamwuliza.

"Shemeji, tunazungumza wanaume."

"Basi zungumzeni habari za lori la mwanaume. Hili ni langu."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akasema kwamba mwanamke mwenye hasira hashauriki. Mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa nimesimama tu. Shemeji akaona wazee wanasita, akatoa neno ambalo alidhani ni rehema. Alisema: "Haya. Likiwaka kabla ya siku ya mnada, mimi sitatia neno tena. Lisipowaka, asubuhi ya mnada wenye vyuma wanakuja na mtungi wao wa gesi."

Wazee wakakubali. Mnada wa ng'ombe ulikuwa juma lililofuata. Wewe hukuwa umezaliwa, na kila aliyekuwa uani pale alijua maana yake: lori likikatwa leo, kesho watahesabu ng'ombe, na keshokutwa watauliza yule mke niliyemwoa ni wa nani.

Nilimtuma dereva Tarime mjini, Bomani, akamlete fundi wa umeme wa magari. Alikuja na kimashine cha kupimia chenye waya mrefu, akakichomeka chini ya usukani, akakitazama, akakichomeka tena.

"Bibi," alisema, "mashine yangu inaita, lakini ndani ya gari hakuna anayeitika."

"Nani aliyepaswa kuitika?"

"Kontroli boksi. Ndiyo kompyuta ya injini. Hiyo ndiyo inayoziamuru nozeli zimwage dizeli saa ngapi na kiasi gani. Bila yake stata inazunguka bure."

Aliinua kiti cha abiria, akafungua skrubu, akatoa boksi la bati la ukubwa wa Biblia ya kanisani, lenye nyaya nene zinazoingia pembeni. Alipolifungua tulinusa harufu ya kitu kilichoungua. Akauliza kama lori lilichomelewa karibuni. Dereva akamwonyesha mabati mapya.

"Walifungua nyaya za betri kabla ya kuchomelea?"

Dereva akatazama chini. Fundi akanieleza kwamba umeme wa kuchomelea hupita katika chuma chote cha gari, na ukikuta betri imeunganishwa huingia mpaka ndani ya boksi ukaliunguza. Alieleza mara moja, nami nilielewa mara moja. Nilimwambia amweleze shemeji maneno hayohayo. Shemeji alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake.

"Fundi wa mjini hawezi kukosa la kusema," alijibu. "Chuma ni chuma. Nimechomelea majembe tangu utotoni, hakuna jembe lililokufa."

Fundi alisema kijisehemu kinachotunza kumbukumbu ya lori hakikuungua. Angeweza kuihamishia katika boksi jingine, ikiwa boksi hilo ni la aina ileile, lenye namba ileile. Maboksi kama hayo yaliyokwisha kutumika huuzwa Sirari, mpakani. Kisha akanionya.

"Ila, Bibi, kifaa cha umeme hakirudishwi. Ukikinunua kibovu, umekula hasara. Kila duka ni hivyo. Hata mimi nimeshaliwa."

"Wewe umeliwa," nikamwambia. "Mimi ninakwenda."

Nililifunga boksi lililoungua katika kitenge, nikampa mama yako alibebe, tukaenda Sirari. Njia nzima alilipakata kama mtoto mchanga. Mwanamke mmoja garini akamwuliza mtoto ana umri gani, mama yako akajibu, "Huyu ni mzee, amekufa, tunampeleka kwa ndugu zake." Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza, lakini mabega yake yaliendelea kucheka.

Duka tuliloelekezwa lilijaa vipande vya magari mpaka juu ya mlango. Muuzaji alikuwa kijana mnene, mtu wa ng'ambo ya mpaka, na salamu zake zilikuwa za hukohuko.

"Sasa, mathe. Unatafuta nini?"

Sikujibu. Akarudia kwa sauti zaidi, akidhani masikio yangu ni mabovu.

"Amekusikia," mama yako akamwambia. "Anasubiri usalimie."

"Ah! Pole. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," nikasema, nikaweka boksi mezani.

Akalipindua, akasoma kibandiko chake, akaingia nyuma ya duka, akarudi na jingine. Aliyaweka pamoja na kutuonyesha namba, moja baada ya nyingine, na kweli zilifanana. "Iko. Lakini sikiza, Mama, nisikudanganye. Kitu ya umeme hairudi. Ukitoka na hiyo kwa huo mlango ni yako, iwake isiwake. Imeandikwa hapo kwa ukuta."

"Ukuta wako sijui kuusoma," nikamwambia. "Wewe ni kabila gani?"

"Mkurya. Wa upande ule."

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Kwa ng'ombe?"

"Sasa kwa nini kingine?"

"Siku uliyopeleka ng'ombe, wakwe zako waliwakagua? Au uliwaandikia ukutani kwamba ng'ombe harudi?"

Kijana alianza kucheka kabla sijamaliza. "Wale wazee! Walirudisha wawili. Mmoja eti anakohoa. Ng'ombe kukohoa!"

"Na alikuwa anakohoa?" mama yako akauliza.

"Kidogo."

"Basi leo sisi ndio wakwe," mama yako akasema. "Na boksi lako hatujasikia kifua chake."

Alicheka, lakini hakukubali upesi. Alisema mafundi wa vijijini huunguza boksi zima kisha wakalirudisha kuwa bovu. Alisema wengine hulifungua, wakachukua ya ndani, wakarudisha ganda. Sikumkatalia, mambo hayo hufanyika. Nikampa masharti yangu. Nina mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, yuko kwa binti yangu aliyeolewa karibu na Sirari. Aende akamtazame meno na miguu. Mtamba huyo ni wake siku boksi litakapopokelewa. Na boksi litapokelewa kama ng'ombe anavyopokelewa kwetu: anakaguliwa mchana, na akishalala usiku mmoja katika zizi la mpokeaji, amepokelewa, maneno yamekwisha. Anayemkataa humtoa nje ya boma kabla jua halijazama.

"Na mimi nitajuaje hamkulifungua?"

"Tia alama yako."

Akachukua rangi nyekundu, akaipaka juu ya kila skrubu. Kisha akanipa boksi mkononi, na mtu aliyekuwa amekaa pale dukani akipiga soga akamwuliza kama amerogwa. "Huyu mama ni kama mamangu mkwe," alijibu. "Heri nimpe aende."

Fundi alikuja siku iliyotangulia mnada, mchana. Shemeji naye alikuja, na majirani, na wachimbaji waliokuwa hawana kazi. Fundi alihamisha ile kumbukumbu kwa kompyuta yake ya mkononi, bila kugusa skrubu, akachomeka boksi mahali pake chini ya kiti, akamwambia dereva azungushe ufunguo.

Injini ikawaka.

Watu wakapiga vigelegele. Mama yako alinishika mkono. Lakini mimi nilikuwa natazama lile lori, nikaona linatikisika mwili mzima kama mtu mwenye homa. Moshi mweupe ulitoka nyuma. Sauti yake ilikuwa na pengo: ilipiga, ikaruka, ikapiga, ikaruka. Nimesikia ng'ombe wengi wakitembea, na huyu alikuwa anachechemea.

"Kuna nozeli moja haifanyi kazi," fundi akasema. Aliifungua akaibadilisha mahali na jirani yake, ili ajue kama ubovu ni wa nozeli. Lori likachechemea vilevile, mahali palepale. Akazipima nyaya, zikawa nzima. "Ni boksi. Mlango wake mmoja hautoi umeme. Lakini Bibi, limewaka. Taratibu, bila mzigo, litatembea."

Mama yako akaninong'oneza. "Mama, alisema liwake. Limewaka. Wazee walisikia, na hawa wote ni mashahidi. Liache hivihivi, mengine baada ya mnada."

"Likipewa mawe litafika kilimani?"

"Halitafika."

"Litakapokwama kilimani, nani atakuwa amesimama pale?"

Akamtazama shemeji, ambaye alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa amekwisha kuelewa kilichopo kabla ya wote. Akasema kwa sauti ya upole mno: "Hongera, shemeji. Kubali basi. Limewaka. Kesho nitakuletea mawe yangu ulibebe, ukoo wote uone."

Jua lilikuwa limeinama. Kama boksi lile lingelala ndani ya lori langu, ningekuwa nimelipokea: mtamba angekwenda, muuzaji angekuwa huru, nami ningebaki na kilema ambacho shemeji angekizika kwenye kilima cha kwanza. Kama ningelitoa, asubuhi ya mnada ingenikuta na lori lililokufa. Kila aliyekuwa pale alinitazama nichague.

"Zima," nikamwambia dereva. "Fundi, toa."

"Bibi?"

"Toa boksi."

"Bibi, kesho wanakuja kukata!"

"Nimesikia walipolisema. Wewe toa."

Aliling'oa akiwa ananung'unika. Nikalifunga katika kitenge, rangi nyekundu juu ya skrubu ikiwa haijaguswa, nikalipeleka nje ya boma, nikaliweka juu ya jiwe la kunolea mapanga kando ya mlango, na majirani wakaona. Jua lilikuwa bado lipo. Shemeji akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Ameua gari kwa mkono wake! Mmeona? Limewaka, ameliua!"

"Nimelirudisha lisilo langu," nikamjibu. "Wewe hujazoea kuona hilo likifanyika, ndiyo maana linakuchekesha."

Wengine walicheka, na safari hii hawakucheka pamoja naye. Kisha nikamwambia dereva ampigie muuzaji simu, nikaishika mwenyewe. Kijana alipiga kelele kama nilivyotazamia: fundi ameharibu, nozeli ni mbovu, gari limechoka. Nikamwacha amalize.

"Boksi lako liko nje ya boma," nikamwambia. "Lilitoka jua likiwaka. Njoo umtazame ng'ombe wako aliyekataliwa, na uje na mwingine."

Kisha akauliza, "Kweli limelala nje?"

"Linalala nje. Fundi naye anabaki kulilinda."

Fundi aliposikia hivyo alinitazama, lakini mama yako alikuwa tayari amemtandikia mahali.

Wenye vyuma chakavu walitangulia. Asubuhi ya mnada walikuja na pikapu, mtungi wa gesi na miwani myeusi, shemeji akiwa amekaa mbele kama bwana harusi. Hawakunisalimia. Walianza kukunjua mipira ya gesi. Niliwapita, nikapanda kwenye kabini la lori langu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata babu yako alipokuwa hai, nikaketi kwenye kiti cha dereva, nikafunga mlango.

"Bibi, shuka tufanye kazi," mwenye miwani akasema.

"Fanyeni. Mimi sijawazuia."

"Tutakata vipi na wewe umo?"

"Anzeni nyuma. Mkinifikia nitawaambia."

"Mzee," akamgeukia shemeji, "hukutuambia kama lina mtu."

"Mtoeni!"

"Tumtoe bibi mzee mbele ya watu? Sisi tumekuja kununua vyuma."

Mama yako akaja, akaketi kwenye ngazi ya kabini na bakuli la maharage, akaanza kuyachambua. Hakusema neno, maana hakuruhusiwa kujibizana na shemeji. Lakini kila alipopata kijiwe alikirusha, na kila mara kilianguka karibu na mtungi wa gesi.

Jua lilikuwa limepanda kidogo tuliposikia pikipiki. Kijana wa Sirari alisimama nje ya boma, akashuka, akaliona boksi lake juu ya jiwe. Aliliinua, akakagua rangi kwenye kila skrubu, akainama akanusa. Kisha akaingia uani akiwa na begi mgongoni, akainua uso kwenye dirisha la kabini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Polisi wa barabara wamenisumbua. Nionyeshwe."

Fundi alilichomeka boksi lile tena, jua likiwa juu, akanyoosha mkono akazungusha ufunguo, na lori likawaka likachechemea vilevile. Akamweleza jinsi alivyobadilisha nozeli mahali. Kijana aliweka kiganja kwenye ubavu wa lori, akasikiliza, uso wake ukabadilika.

"Anakohoa," akasema.

"Kidogo," mama yako akajibu kutoka kwenye ngazi, na hapo kijana hakuweza kujizuia. Alicheka mpaka fundi naye akacheka.

Akafungua begi lake, akatoa boksi jingine, lenye namba zilezile, akapaka rangi yake papohapo. Fundi akafanya kazi yake mara ya pili. Ilichukua muda, na wenye vyuma hawakuondoka, kwa sababu na wao walitaka kuona. Mimi sikushuka. Fundi alipokuwa tayari aliniambia kwa dirisha, "Bibi, dereva aje?"

"Nionyeshe ufunguo unakozungushwa."

Nikauzungusha mwenyewe. Lori likashika papo hapo, likanguruma kwa sauti moja, na usukani mikononi mwangu ukatulia. Moshi ulitoka kidogo, ukakatika.

Nilishuka, nikampisha dereva. Nikamwambia shemeji, mbele ya wazee wawili waliokuwa wamefika, kwamba mawe aliyoahidi jana ninayataka. Alisema yako kwenye duara. Nikamwambia lori linajua njia. Wachimbaji waliyapakia, wakajaza mpaka kwenye yale mabati aliyoyaongeza, na lori likapanda kilima cha karasha huku mimi nikitembea nyuma yake. Halikuruka hata pigo moja. Juu ya kilima shemeji alisimama kando ya mawe yake, asijue aangalie wapi.

"Limepanda," akasema mwishowe.

"Mabati yako yafunguliwe," nikamjibu. "Na siku nyingine ukilitaka, uje uliombe kwa mlango, kama wageni wengine."

Mmoja wa wazee aliniomba lifti ya kurudi. Jioni ile jua lilizama na boksi likiwa ndani ya lori langu, na asubuhi binti yangu alimfungua mtamba, kijana wa Sirari akamchukua.

Sasa weka kalamu vizuri, nikuambie ya kutunza.

Shemeji yangu bado yu hai, na wanawe wanasoma. Wakisoma haya watakuja kukuambia uyalainishe. Usilainishe. Maneno yake yabaki kama alivyoyasema, na yangu yabaki kama nilivyoyasema.

Mtu yeyote asichomelee lori hilo kabla nyaya za betri hazijafunguliwa, hata akiwa mjomba wako, hata akisema ana haraka. Simama hapo mpaka uone nyaya ziko mkononi mwake.

Nitakapokufa wataita kikao. Wapikie, wale, washukuru. Lakini habari ya lori isizungumzwe kwenye kikao hicho. Si la ukoo, ni la nyumba hii. Mama yako aliingia hapa kwa ng'ombe waliokaguliwa na kupokelewa, na hakuna anayeweza kumrudisha. Yeye ndiye mwenye nyumba baada yangu. Ufunguo usipite katika mkono mwingine wowote kabla haujafika mkononi mwake. Mpe wewe mwenyewe, mbele yao, mchana.